Kushika Kimo

Ukitaka kumjua bingwa wa ubao wa tanga unaopaa, usilitazame tanga. Tanga ni kubwa, lina namba na bendera ya nchi, na jicho hulikimbilia lenyewe. Tazama chini, kwenye pengo lililo kati ya tumbo la ubao na uso wa bahari. Kwa mwanafunzi pengo hilo hupanda na kushuka: ubao unanyanyuka, unayumba, unachomoka kupita kiasi, kisha unaanguka kwa kishindo. Kwa bingwa halibadiliki. Mawimbi yanapita chini yake, upepo unazidi na kupungua, anazunguka boya na kurudi alikotoka, na ubao unabaki kwenye kimo kilekile. Kimo hicho hakishikwi na mtambo wowote. Kinashikwa na nyayo mbili, magoti, nyonga na mikono. Ndiyo kazi ninayotaka kuieleza, kwa sababu naihesabu miongoni mwa kazi ngumu na nzuri kabisa ambazo binadamu amejifunza kuzifanya juu ya maji.

Chombo chenyewe hakina mambo mengi. Tangu Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, mbio za ubao wa tanga katika Olimpiki hushindanwa kwa aina moja tu, iQFOiL, na washindani wote hutumia vifaa vya muundo uleule. Ubao una urefu wa sentimeta 220 na upana wa sentimeta 95. Chini yake, karibu na tezi, imechomekwa nguzo ya kaboni yenye urefu wa sentimeta 95, na mwisho wa nguzo hiyo kuna mtaimbo uliolala, wenye bawa kubwa mbele na bawa dogo nyuma. Hiyo ndiyo hidrofoili. Tanga la wanaume ni la mita za mraba 9, la wanawake 8. Bawa la mbele lina sentimeta za mraba 900, yaani eneo la mraba wa sentimeta 30 kwa 30. Juu ya eneo hilo husimama mtu mzima wa kilo 80 na ushei, pamoja na ubao, mlingoti na tanga lake, vyote vikiwa nje ya maji.

Bawa dogo namna hiyo hutosha kwa sababu maji ya bahari yana uzito unaozidi ule wa hewa kwa zaidi ya mara 800. Bawa la ndege lingekuwa la ajabu kama lingekuwa dogo hivi. Majini linatosha na kusaza, na hapo ndipo shida inapoanzia. Nguvu ya bawa kuinua haikui sambamba na mwendo. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Kwenye kilometa 18 kwa saa bawa hilo linajitahidi kumtoa mtu majini. Kwenye kilometa 37 kwa saa, likiwa limeelekezwa vilevile, lingeweza kubeba watu wanne wa uzito wake. Sasa abiria ni yuleyule mmoja, na ile nguvu ya ziada lazima iondolewe, la sivyo ubao utaruka mpaka bawa lichomoze nje. Na mwendo haukomei hapo. Katika upepo mzuri mabingwa hukaribia kilometa 55 kwa saa.

Vyombo vingine vinavyopaa vimepewa msaada. Mashua ndogo ya Moth ina fimbo nyembamba inayogusa maji mbele yake. Ikipanda mno, fimbo inashuka na kuvuta kipande kinachocheza nyuma ya bawa, na kimo kinajirekebisha. Mashua kubwa za Kombe la Amerika zina mabaharia wanaoendesha mabawa kwa mitambo. Hidrofoili ya iQFOiL haina kipande hata kimoja kinachocheza. Bawa limefungwa kwa skrubu na limekaa hivyo hivyo kuanzia ufukweni mpaka mwisho wa mbio. Njia pekee ya kubadili mwelekeo wake ni kuinamisha ubao mzima, na njia pekee ya kuuinamisha ubao ni uzito wa mtu: kidogo zaidi kwenye mguu wa mbele, kidogo zaidi kwenye mguu wa nyuma. Kile ambacho kwa wengine ni fimbo, waya au pampu ya mafuta, hapa ni unyayo.

Chukua tukio moja dogo, la upepo kuzidi ghafla. Tanga linavuta kutoka juu, mita mbili hivi juu ya ubao, ilhali bawa liko chini majini. Kwa hiyo upepo ukizidi, jambo la kwanza ni chombo kizima kutaka kupinduka kwenda mbele, omo inazama. Lakini upepo huohuo unaongeza mwendo, na mwendo unaongeza nguvu ya bawa, na punde omo inataka kupanda. Pumzi moja ya upepo inaleta misukumo miwili inayopingana, mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata nyuma yake. Bingwa hujibu wa kwanza kwa mguu wa nyuma na wa pili kwa mguu wa mbele, na anaanza kuliandaa jibu la pili kabla la kwanza halijamalizika. Anayechelewa hujikuta jibu lake la kwanza limekutana na msukumo wa pili, na makosa mawili yanajumlishwa. Ndiyo maana wanafunzi huanguka wakati upepo unapozidi, hata kama wanajua kabisa kwamba unakuja.

Ongeza mawimbi. Maji yaliyo ndani ya wimbi hayasafiri nalo, yanazunguka mahali pake: mbele ya kilele yanapanda, nyuma ya kilele yanashuka. Bawa linapoingia katika maji yanayopanda hupata nguvu ambayo hakuna aliyeiomba. Likivuka kilele na kuingia yanayoshuka, linanyang'anywa. Anayekwenda kinyume na mawimbi hukutana na hali hiyo tena na tena, na hawezi kungoja aihisi ndipo ajibu. Inambidi alisome wimbi lililo mbele, akanyage mguu wa mbele kabla halijafika, alegeze mara kilele kinapopita. Magoti yake hukunjwa na kunyooka kwa vipimo ambavyo mtazamaji aliye ufukweni hawezi kuviona. Kinachoonekana ni mtu aliyetulia. Huo utulivu umetengenezwa, sehemu baada ya sehemu, sekunde kwa sekunde.

Kwa nini basi asipae chini kidogo, ajiwekee akiba ya usalama? Kwa sababu kila sentimeta ya nguzo iliyomo majini ni kizuizi kinachopunguza mwendo. Mbio hushindwa na yule anayethubutu kupaa juu zaidi, bawa likiwa karibu kabisa na uso wa maji, bila kulitoa. Na adhabu ya kulitoa ni kubwa. Bawa likichomoza, hewa hufyonzwa na kushuka juu ya mgongo wake, nguvu yote inapotea kwa mara moja, na ubao unadondoka huku mtu na tanga wakiendelea na safari. Kofia ngumu na jaketi la kukinga mbavu ni lazima kwa washindani, na aliyewahi kuona ukingo wa bawa la kaboni ulivyo mwembamba hatauliza sababu.

Mchezo huu ulizaliwa kwa kuondoa kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko California, Hoyle Schweitzer na Jim Drake, ambaye alikuwa mhandisi wa mambo ya anga, walitengeneza ubao wenye mlingoti usiosimama peke yake. Mlingoti uliunganishwa na ubao kwa kiungo kinachozunguka pande zote, na msukani uliachwa kabisa. Ili kugeuka, mtu aliinamisha tanga mbele au nyuma. Kabla yao Newman Darby, Mmarekani mwingine, alikuwa ameshatengeneza ubao wenye tanga la kushikwa mkononi. Hidrofoili nayo ilikuwa kongwe kuliko ubao wa tanga. Enrico Forlanini alipaa juu ya Ziwa Maggiore nchini Italia mwaka 1906, na mwaka 1919 chombo cha HD-4 cha Alexander Graham Bell na Casey Baldwin kilifikia kilometa 114 kwa saa huko Kanada. Kuunganisha mambo hayo mawili kulichukua muda mrefu, na nadhani sababu ni kwamba hakuna aliyeamini mtu angeweza. Ubao wa tanga ulikuwa umeshamkabidhi mtu kazi ya msukani na kazi ya kamba zote zinazoshikilia mlingoti. Hidrofoili ilimwongezea kazi ya maji yenyewe, ya kumbeba na kumweka sawa. Kila hatua ya historia hii imepunguza chombo na kuongeza wajibu wa mwili.

Katika Olimpiki mchezo uliingia Los Angeles mwaka 1984 kwa wanaume, na wanawake wakapata mashindano yao Barcelona mwaka 1992. Kuanzia Beijing 2008 mpaka Tokyo ulitumika ubao wa RS:X, mrefu wa sentimeta 286, wenye kipande cha mkuku cha kushusha na kupandisha, na tanga la mita za mraba 9.5 kwa wanaume na 8.5 kwa wanawake. Ulikuwa ubao wa mapafu. Upepo ukiwa hafifu, mshindani alilipampu tanga kwa mikono, akilivuta na kuliachia mfululizo, mbio nzima, akimaliza hoi. Waliofaulu walikuwa wakondefu wenye pumzi ndefu. Mwaka 2019 shirika la World Sailing lilijaribu mbao kadhaa huko Torbole, kaskazini mwa Ziwa Garda, na iQFOiL ikachaguliwa. Kwa wanamichezo wa RS:X uamuzi huo ulimaanisha kuanza upya, na kuanza upya na mwili mwingine. Hidrofoili hupenda uzito, kwa sababu uzito wa mtu anayening'inia nje ndio unaolipinga tanga, na anayeweza kulipinga zaidi huenda kasi zaidi. Watu waliokuwa wamejinyima chakula kwa miaka mingi ili wawe wepesi walianza kula na kunyanyua vyuma ili wanenepe misuli. Wengine waliacha. Waliobaki na kufaulu nawapa heshima ya pekee. Si rahisi kuwa fundi aliyekamilika wa kitu kimoja kisha kukubali kuanguka tena mbele ya watoto waliozaliwa na kitu kipya.

Kubisha ndiko kunakoonyesha elimu yote kwa pamoja. Mabaharia wa pwani yetu wanajua kwamba chombo hakiwezi kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo, bali hubisha, kikienda mshazari huku na kule. Ubao unaopaa hubisha pia, ila kwa namna inayoshangaza ukiiona mara ya kwanza: unalalia upande wa goshini, upande upepo unakotoka. Chombo cha kawaida hulalia demani. Mwenye ngalawa, upepo ukikaza, humtuma mtu atoke kwenye mrengu wa goshini ili uzito wake ukizuie chombo kisilale, na mtu huyo anajua kwa nyayo ni hatua ngapi zinatosha. Mwenye ubao hufanya kazi ya mtu wa mrengu, ya nahodha na ya mrengu wenyewe. Akiulaza ubao goshini, nguvu ya bawa, ambayo ilikuwa inaelekea juu tu, inapata sehemu inayovuta kuelekea kwenye upepo, na ubao hausukumwi pembeni. Tanga nalo linaegemea juu yake, na sehemu ya nguvu yake inamnyanyua. Yeye ananing'inia kwenye hanesi iliyofungwa kiunoni, mwili umenyooka, karibu kulala juu ya maji, mgongo ukiwa shibri chache kutoka kwenye mawimbi. Pembe ya kulaza ikizidi, ncha ya bawa inachomoza. Ikipungua, anapoteza njia aliyoipata kwa jasho. Pembe sahihi hubadilika kila upepo unapobadilika, na hakuna kipimo cha kuisomea.

Kuteremka na upepo kuna ugumu wake, nao hauonekani upesi. Jahazi lililopata upepo wa tezi husukumwa, na upepo hauwezi kukisukuma kitu kwenda haraka kuliko wenyewe. Ubao unaopaa huenda mara mbili ya mwendo wa upepo, pengine na zaidi. Kwa hiyo hata ukiteremka, mwanamichezo anauhisi upepo ukimpiga usoni, upepo alioutengeneza mwenyewe kwa mwendo wake. Haendi moja kwa moja. Anashuka mshazari, kisha anageuka na kushuka mshazari wa pili. Akienda wima mno, ule upepo wa mwendo unakufa, tanga linalegea, ubao unashuka majini, na kinyang'anyiro kinaendelea bila yeye. Inambidi alinde mwendo kama mali, kwa kuwa mwendo ndio unaoleta upepo, na upepo ndio unaoleta mwendo.

Hapo kwenye upepo hafifu ndipo ninapowaona mafundi kwa uwazi zaidi. Upepo mkali una fahari yake, na wapiga picha wanaupenda. Lakini kwenye kilometa 11 au 13 kwa saa, upepo ambao hauwezi hata kuitikisa minazi, kuna watu wanaopaa na watu wanaoelea, na tofauti kati yao ni elimu tupu. Kunyanyuka katika upepo huo kunataka mpangilio. Mtu anaelekeza omo mbali kidogo na upepo, anangoja pumzi iliyo kali kuliko nyingine, analivuta tanga mara tatu, nne, tano kwa mwili mzima, na kila mvuto unakwenda pamoja na mkanyago wa mguu wa nyuma, mpaka bawa linashika. Mara linaposhika lazima aache nguvu zote na kuwa mwepesi, maana ubao uliotoka majini umeachwa huru na kizuizi, unaruka mbele ghafla, na mikono iliyokuwa ikifanya kazi ya punda inatakiwa kuwa na mguso wa mshona nguo. Akipoteza kimo katika upepo huo, wenzake watakuwa wameshamwacha mita mia na zaidi kabla hajakipata tena.

Ndiyo sababu kugeuka kunaogopwa. Kwenye kugeuka kwa kuteremka, tezi ikivuka upepo, mtu huchomoa mguu kwenye kanda inayoushikilia juu ya ubao, huhamisha uzito kutoka upande mmoja wa ubao hadi mwingine, huliachia tanga lizunguke, hulidaka upande wa pili, huku ubao ukiendelea kupaa na kujipinda. Kwa sekunde chache hakuna tanga linalovuta. Kuna bawa tu na mwendo uliobaki, na mtu anayetembea juu ya kitu kinachojibu kila hatua yake. Kugeuka kwa kubisha, omo ikipita kwenye upepo, ni kugumu zaidi, maana mwendo hufa haraka mno na inabidi kupita mbele ya mlingoti, mahali ambapo uzito wa mtu unaizamisha omo. Wengi hugusa maji. Ukimwona mtu ametoka upande wa pili bila kugusa, mpigie makofi hata kama uko peke yako mbele ya televisheni.

Kazi nyingine hufanyika ufukweni, bila watazamaji. Kwa kuwa vifaa ni vya muundo mmoja, ushindani umehamia kwenye marekebisho madogo yanayoruhusiwa. Bawa la nyuma, ambalo kwa kawaida hukandamiza chini ili kulituliza la mbele, huwekewa vipande vyembamba vya kubadili mwelekeo wake kwa sehemu ya digrii. Mguu wa mlingoti husogezwa mbele au nyuma. Tanga hukazwa kwa kamba kuelekea chini na kuelekea nyuma, na umbo lake hubadilika. Fito zinazolikumbatia tanga hupandishwa au kushushwa, na kamba za hanesi hurefushwa au kufupishwa. Kila badiliko linagusa mengine yote. Mtu huenda majini, anarudi, anabadili kitu kimoja tu, anarudi tena majini. Anayebadili viwili kwa pamoja hatajua kipi kilimsaidia. Mabingwa wana daftari za mambo haya, na ukali wa kumbukumbu zao ni sehemu ya ufundi wao sawa na nguvu za mapaja.

Fainali za Paris 2024 zilifanyika Marseille, kwenye Bahari ya Mediterania, na zilikuwa mtihani wa upepo hafifu. Zilipangwa tarehe 2 Agosti, upepo ukakataa, zikasogezwa hadi tarehe 3. Kwa wanawake, Emma Wilson wa Uingereza alikuwa ametawala mbio za awali. Mama yake, Penny Way, naye alishindana Olimpiki kwenye ubao wa tanga mwaka 1992 na 1996, kwa hiyo mambo haya kwao ni ya nyumbani. Wilson alimaliza mbio za awali akiwaacha wote kwa alama nyingi. Kanuni zilimpeleka moja kwa moja fainali ya watu watatu, wakati wengine walilazimika kupita kwanza kwenye hatua za mtoano. Lakini fainali hiyo ilikuwa mbio moja, alama zote za nyuma zimefutwa. Marta Maggetti wa Italia, mzaliwa wa Cagliari, aliyekuwa wa nne Tokyo kwenye RS:X na bingwa wa dunia wa iQFOiL mwaka 2022 huko Brest, alichagua njia yake mwenyewe, akatoka nyuma na kuchukua dhahabu. Sharon Kantor wa Israeli alipata fedha. Wilson alipata shaba. Miezi michache kabla, huko Lanzarote kwenye Mashindano ya Dunia, alikuwa ameongoza vivyo hivyo na kumaliza wa pili, nyuma ya Kantor.

Sina neno juu ya dhahabu ya Maggetti. Alisoma maji na upepo kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba nafasi ni moja, na huo nao ni ufundi. Lakini mfumo wenyewe naulaumu. Ufundi wa kushika kimo hujidhihirisha kwa kurudiwa, leo upepo wa bahari, kesho upepo wa nchi kavu, keshokutwa mawimbi mafupi ya kuchosha. Anayekuwa bora kwa wiki nzima katika hali zote hizo amethibitisha jambo ambalo mbio moja haiwezi kulithibitisha wala kulikanusha. Kuzifuta alama zake ili watazamaji wapate dakika chache za wasiwasi ni kuifanyia kazi yake dhuluma. Ningependa waongozaji wa mchezo huu wawe na subira walau nusu ya ile wanayoidai kwa wanamichezo wao.

Msomaji wa pwani atauliza kama haya yanawezekana kwetu. Kusi na kaskazi ni pepo ambazo mataifa mengi yangelipa fedha kuzipata, na Paje, huko Zanzibar, imejaa watu wanaovutwa na vishada vya tanga. Tatizo la hidrofoili ni kina. Nguzo ya karibu mita moja haivumilii maji kupwa, wakati yanaporudi nyuma mpaka mwambani na mashamba ya mwani yanabaki wazi. Hidrofoili inahitaji maji mengi, mbali na matumbawe. Sehemu za namna hiyo tunazo pia, na vijana waliokulia kwenye ngalawa tayari wana kile ambacho wanafunzi wa Ulaya hukitafuta kwa miaka, kusoma upepo kwa ngozi. Kinachokosekana ni vifaa, ambavyo ni vya bei ya kutisha kwa familia ya mvuvi.

Kwa upande wa wanaume, dhahabu ya Marseille ilikwenda kwa Tom Reuveny wa Israeli, mbele ya Grae Morris wa Australia na Luuc van Opzeeland wa Uholanzi. Mwalimu wa Reuveny alikuwa Gal Fridman, aliyeipa Israeli dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 2004 huko Athens. Fridman aliipata juu ya ubao wa Mistral, ubao uliokaa ndani ya maji, usiojua kupaa, na kimo cha bawa hakikuwa sehemu ya mchezo wake hata kidogo. Alichokuwa nacho cha kumpa kijana wake kilikuwa namna ya kuukaribia mstari wa kuanzia bila kuuvuka, namna ya kujua upande upi wa uwanja utapata upepo kwanza, na namna ya kukaa kimya saa nzima juu ya bahari isiyo na upepo bila kuchoka akili. Mambo ya mguu wa mbele na mguu wa nyuma Reuveny alijifunza kwa kuanguka, kama kila mmoja wa wale aliowashinda.